Kupunguza Utegemezi wa Gari: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana gari, analitumia karibu kila siku, na angependa kulitumia kidogo zaidi bila kuvuruga kazi yake wala nyumba yake. Hautamtaka aliuze kesho. Ushauri wa kuanza kwa kuuza gari, kwa maoni yangu, ndio unaowavunja moyo watu wengi, kwa sababu unamtaka mtu aamue jambo kubwa kabla hajajua lolote kuhusu safari zake mwenyewe. Hapa tunauchukulia utegemezi kuwa ni mkusanyiko wa safari mahususi, kila moja ikiwa na sababu yake, na tunazishughulikia moja baada ya nyingine kuanzia zile nyepesi.

Kwanza ni vyema kuelewa kwa nini nia njema peke yake haitoshi. Mtu aliyeendesha gari kwa miaka mingi haamui kila asubuhi kwamba leo ataendesha. Mkono wake huchukua ufunguo kabla akili haijauliza swali. Mwezi Februari 2014, wafanyakazi wa reli ya chini ya ardhi ya London waligoma kwa siku 2, vituo vingi vikafungwa, na abiria wakalazimika kutafuta njia nyingine za kufika kazini. Wachumi waliochunguza kumbukumbu za kadi za usafiri waligundua kwamba takriban asilimia 5 ya abiria hao hawakurudi kwenye njia yao ya zamani hata baada ya mgomo kwisha. Maana yake ni kwamba walikuwa wakipita kila siku njia isiyowafaa sana, na hawakujua hivyo mpaka walipozuiwa. Ikiwa hali ni hiyo kwa abiria wa reli, dereva ambaye gari lake limeegeshwa mlangoni ana sababu zaidi ya kutojaribu kitu kingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hatua zinazofuata ni namna ya kujiwekea kizuizi kidogo kwa makusudi, ili swali lipate nafasi ya kuulizwa.

Hatua ya 1: Andika safari zako

Weka daftari dogo ndani ya gari, na kwa muda wa wiki 2 za kawaida, zisizo na likizo wala msiba wala sherehe, andika kila safari. Andika ulikotoka na ulikokwenda, kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi mwanzoni na mwishoni, shabaha ya safari, idadi ya watu waliokuwamo, mzigo uliobebwa, na dakika zote zilizotumika tangu ulipofunga mlango wa nyumba hadi ulipofika mahali penyewe. Dakika za kutafuta maegesho na za kutembea kutoka hapo zihesabiwe pia, kwani ndizo ambazo madereva huzisahau wanapolinganisha gari na njia nyingine.

Katika wiki hizo usibadilishe chochote. Kusudi ni kuiona hali ilivyo, na ukianza kujirekebisha mapema utapata daftari la mtu mwingine. Watu wengi hushangazwa na jambo moja: safari ndefu wanazozitaja wakitetea gari lao, kama vile kwenda kuwaona wazazi mbali au kubeba vifaa vizito, ni chache, ilhali kurasa zimejaa vijisafari vya kilomita moja au mbili vyenye mtu mmoja ndani na mkoba mmoja kitini.

Hatua ya 2: Tafuta gharama ya kila kilomita

Gari lina gharama za aina mbili. Kuna zile unazolipa hata likilala mwaka mzima: bima, ada za serikali, maegesho ya mwezi, riba ya mkopo kama upo, na kushuka kwa thamani. Halafu kuna zile zinazokua kadiri unavyoendesha: mafuta, matairi, oili, breki na matengenezo. Kwa kuwa zile za kwanza zimeshalipwa, dereva akiwa na ufunguo mkononi huona mafuta peke yake, na mafuta ya kilomita mbili ni kidogo sana kiasi kwamba safari huonekana kama ya bure. Katika hesabu hii basi hushindwa na gari kila siku, kwa sababu nauli yake huonekana yote kwa mara moja.

Jumlisha gharama zote za mwaka za aina zote mbili, kisha gawa kwa kilomita ulizoendesha mwaka huo. Kushuka kwa thamani usikuache, kwani kwa gari jipya mara nyingi ndiko kunakoongoza. Kadiria tofauti kati ya bei ambayo gari lingeuzwa mwaka jana na bei ambayo lingeuzwa leo. Kwa upande wa mafuta, jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, endesha kama kawaida, kisha jaza tena kwa namna ileile. Lita ulizoongeza, ukizigawa kwa kilomita ulizokwenda na kuzidisha kwa 100, zitakupa lita kwa kila kilomita 100, na kipimo hicho ni cha kuaminika zaidi kuliko kinachoonyeshwa na dashibodi.

Kwa anayejali hewa, kila lita ya petroli inayoungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi, na ya dizeli takriban kilo 2.7. Huenda ikaonekana ajabu kwamba lita isiyofika hata kilo moja kwa uzito itoe moshi wa kilo mbili na zaidi, lakini kaboni iliyomo kwenye mafuta hushikana na oksijeni inayotoka hewani, na uzito mwingi ni wa oksijeni hiyo.

Baada ya kupata gharama ya kilomita, jitoze. Mwishoni mwa kila wiki, zidisha kilomita za safari ambazo ungeweza kuziepuka kwa gharama hiyo, na utenge fedha hizo kwenye akaunti au mfuko wa pembeni. Mji wa Stockholm, nchini Uswidi, ulipoanza kuwatoza madereva wanaoingia au kutoka katikati ya mji kwa majaribio mwezi Januari 2006, magari yanayovuka mpaka wa eneo hilo yalipungua kwa takriban moja ya tano, na baada ya majaribio kwisha ada hiyo ikarejeshwa kwa kudumu mwezi Agosti 2007. Ada yenyewe haikuwa kubwa. Ilichofanya ni kuifanya kila safari iwe na bei inayoonekana, na hilo unaweza kujifanyia mwenyewe. Fedha utakazotenga zitanunua baiskeli, koti la mvua, viatu vizuri au tiketi ya mwezi.

Hatua ya 3: Zigawe safari kwa umbali

Rudi kwenye daftari. Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo kilomita 2 ni dakika 25 hivi. Baiskeli isiyo ya haraka huenda kilomita 15 kwa saa, na kilomita 5 huisha kwa dakika 20. Weka alama kwenye kila safari iliyo chini ya kilomita 2, kisha alama nyingine kwenye zile za kati ya 2 na 7. Zilizobaki ziache kwa sasa.

Safari fupi ndizo za kuanza nazo, na sababu si wepesi wake tu. Injini iliyopoa hula mafuta mengi zaidi kwa kila kilomita, kwa kuwa oili bado ni nzito na mafuta hayachanganyiki vizuri na hewa. Kifaa cha kusafisha moshi kilichomo kwenye bomba la ekzosi nacho hakifanyi kazi ipasavyo mpaka kipate joto la mamia ya nyuzi, hivyo dakika za kwanza za safari ndizo zenye moshi mchafu zaidi. Gari linalotumika kwa vijisafari vya dakika tano tano hulala kila siku bila betri kujaa vizuri, na unyevu unaobaki kwenye oili na kwenye ekzosi haukauki ukaisha. Kwa maneno mengine, safari ambazo ni rahisi kuziacha ndizo pia zinazolichosha gari lenyewe.

Hatua ya 4: Chagua safari moja tu

Chagua safari moja yenye alama, inayojirudia kila wiki kwa saa ileile, isiyo na mzigo mkubwa wala abiria. Usichague mbili. Iandike kwa sentensi yenye sharti, kwa mfano: «Ikifika Jumanne jioni na mvua hainyeshi, nitakwenda mazoezini kwa miguu.» Nia ya jumla, kama vile «mwezi huu nitaendesha kidogo», haina siku wala saa ya kuianza, na kwa hiyo haianzi.

Kisha andaa mazingira. Ufunguo wa gari uondoe kwenye ndoano ya mlangoni na uuweke kwenye droo ya chumba cha ndani. Mahali pake uning'inize ufunguo wa kufuli la baiskeli, au mwavuli. Viatu vya kutembelea vikae mlangoni tangu usiku. Kama una uwanja, egesha gari kwa namna ambayo kulitoa kutahitaji usogeze kitu. Inaonekana ni mchezo wa watoto, lakini usumbufu wa nusu dakika ndio unaotosha kuuamsha uamuzi uliolala.

Ipite njia hiyo mara moja siku ya mapumziko, bila haraka, kabla ya siku yenyewe. Utaona mahali pasipo na njia ya miguu, kivuko kibaya, uchochoro unaokatiza, na muda halisi unaohitajika. Ukienda mara ya kwanza siku ya kazi na ukachelewa, safari hiyo itahukumiwa kwa kuchelewa huko milele.

Hatua ya 5: Jifunze chombo kipya kama ulivyojifunza gari

Hakuna aliyeketi nyuma ya usukani siku ya kwanza akaendesha vizuri, lakini wengi hupanda baiskeli baada ya miaka ishirini wakatarajia iwe raha papo hapo. Anza na kiti: ukikaa na kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka. Kiti kilichoshushwa sana ndicho chanzo cha kawaida cha magoti kuuma na cha hisia kwamba kilima hakipandiki. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kwani tairi laini humfanya mtu adhani hana nguvu. Nunua taa ya mbele nyeupe na ya nyuma nyekundu hata kama huna mpango wa kuendesha usiku, kwa sababu siku moja utacheleweshwa. Mzigo ukae kwenye keria au kwenye mifuko ya pembeni, usikae mgongoni. Jasho linalolalamikiwa na wengi hutokana zaidi na begi la mgongoni na kasi isiyo ya lazima kuliko baiskeli yenyewe.

Barabarani, usifuate njia unayopita na gari. Njia nzuri ya gari ni ile pana yenye kasi, na hiyo ndiyo mbaya kwa baiskeli. Barabara ya mtaa iliyo sambamba nayo huenda ikaongeza dakika mbili na kuondoa hofu yote. Unapopita magari yaliyoegeshwa, acha nafasi ya zaidi ya mita moja, kwa kuwa mlango hufunguliwa bila taarifa. Usijipenyeze kamwe kando ya lori au basi linalokaribia kukunja kona, kwani dereva aliye juu hakuoni. Yeyote aliyewahi kuendesha gari anajua jinsi vioo vinavyodanganya. Maarifa hayo ya udereva ni hazina kwake akiwa juu ya baiskeli.

Usafiri wa umma nao una ujuzi wake. Jifunze jinsi mabasi yanavyofuatana kwa saa unayosafiri, basi la mwisho la usiku linaondoka lini, na kituo kipi mabasi huanza kujaa, ili utembee nyuma kituo kimoja upate kiti. Pale ambapo basi halifiki mlangoni, changanya: baiskeli hadi kituoni, au gari hadi kituo cha mwanzo na basi kuanzia hapo, njia ambayo wengi huidharau ingawa huondoa sehemu mbaya zaidi ya safari, yaani foleni na maegesho.

Hatua ya 6: Unganisha, ahirisha, shiriki

Safari nyingine hazihitaji chombo kipya, zinahitaji kufutwa. Tazama siku ambazo ulitoka mara 3 kwa shughuli ambazo zingefanyika kwa mzunguko mmoja, na uanzishe orodha nyumbani ambayo kila mtu anaandika kinachohitajika kabla ya siku ya kutoka.

Kushirikiana gari na jirani au mfanyakazi mwenza hufaa sana kwa safari ndefu za kazini, lakini huvunjika kwa mambo madogo yasiyosemwa. Kubalianeni mapema kuhusu saa ya kuondoka na dakika za kusubiriana, mchango wa mafuta au zamu za kuendesha, na anayechelewa kutoka kazini jioni atarudi vipi. Anzeni na siku 2 kwa wiki. Kama kuna malipo, ulizeni kwanza bima ya gari inasemaje kuhusu abiria wanaolipa.

Hatua ya 7: Safari zilizobaki, ziendeshe vizuri

Hata baada ya hayo yote zitabaki safari za gari, na namna ya kuziendesha ina uzito wake. Mafuta mengi hupotea kwenye breki: kila unapoongeza kasi kisha ukakanyaga breki, nguvu uliyoinunua hugeuka kuwa joto la magurudumu. Tazama mbele sana kuliko gari linalokutangulia, ondoa mguu kwenye pedali ya mafuta mapema unapoona taa nyekundu au foleni, na uliache gari lijipunguze lenyewe likiwa kwenye gia. Kuweka gia huru ukiteremka ni mazoea mabaya yaliyobaki kutoka zama za kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa. Injini za siku hizi hukata mafuta kabisa mguu unapoondoka kwenye pedali gari likiwa kwenye gia, ilhali kwenye gia huru huendelea kuyanywa, na dereva hupoteza breki ya injini.

Kwenye barabara kuu, adui ni hewa. Ukinzani wake hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ukipanda kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 120, ukinzani huongezeka kwa asilimia 44. Faida yake katika safari ya kilomita 20 ni dakika 2 tu: dakika 12 huwa 10. Ondoa pia keria ya juu ya paa usipoitumia.

Pima upepo wa matairi kila mwezi, asubuhi kabla ya kuendesha, kwa kuwa tairi lililopata joto hutoa kipimo cha uongo. Ukisimama kumsubiri mtu, zima injini. Kusimama kwa zaidi ya sekunde 10 hivi hula mafuta kuliko kuwasha upya, isipokuwa ukiwa ndani ya foleni.

Neno moja kuhusu gari la umeme, kwa kuwa swali hilo huja kila mara. Halitoi moshi linapotembea, na hilo ni jambo kubwa, lakini hujaza barabara na maegesho sawasawa na jingine, na matairi yake humwaga vumbi vilevile. Gari lenye gharama ndogo ya kilomita pia huweza kumshawishi mwenyewe aendeshe zaidi. Hatua za 1 hadi 6 zinamhusu mwenye gari la umeme pia.

Hatua ya 8: Kubaliana na watu wa nyumbani

Mipango mingi hufia hapa. Mmoja akiamua kutembea na mwingine akaona analazimishwa, gari hugeuka kuwa ugomvi. Zungumzeni mkiwa na daftari mezani, na kila mtu aseme ni safari zipi ambazo kwake hazigusiki. Safari ya mgonjwa, ya mzee asiyeweza kutembea, ya mtu mwenye ulemavu, ya usiku katika njia isiyo salama, na ya mzigo mzito hazihitaji kuombewa radhi. Wapeni watoto nafasi ya kutembea wakiwa kundi pamoja na mtu mzima kabla ya kuwaacha waende wenyewe, na mtu mzima huyo awe wa zamu.

Jiwekeeni pia mpango wa siku mbaya. Mvua ikinyesha, nani anachukua basi lipi. Mtu akichoka, gari linaruhusiwa bila maneno. Siku moja ya kurudi kwenye gari haiharibu kitu, isipokuwa ikigeuzwa kuwa ushahidi kwamba mpango haufai.

Hatua ya 9: Rudia daftari, kisha uamue kuhusu gari

Baada ya safari ya kwanza kuzoeleka kiasi cha kutokufikiriwa, ongeza ya pili. Miezi 6 tangu mwanzo, andika tena daftari la wiki 2 na ulilinganishe na lile la kwanza. Hapo ndipo swali la kubaki na gari, kuuza la pili, au kukodisha unapohitaji linapoweza kujibiwa kwa hesabu: chukua gharama zisizobadilika za mwaka na uone zingelipia siku ngapi za kukodi au teksi ngapi. Kama unatazamia kuhama nyumba au kubadilisha kazi, subiri uamuzi huo, na umbali wa kutembea hadi kituo cha basi, sokoni na shuleni uutie kwenye sifa za nyumba unayoitafuta. Wiki za kwanza mahali papya, kabla njia yoyote haijazoeleka, ndizo rahisi zaidi kuanza na miguu au basi.

Ukiamua kubaki na gari litakalotembea mara chache, lihudumie ipasavyo. Liendeshe walau mara moja kila baada ya wiki 2 kwa nusu saa, hadi injini ipate joto kamili, ili betri ijae na breki zisishike kutu; likikaa zaidi ya hapo, chomoa waya hasi wa betri au tumia chaja ndogo ya kuitunza, na uongeze upepo wa matairi. Badilisha oili kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari hata kama kilomita hazijafika, na uiulize kampuni yako ya bima kama ina kiwango cha chini kwa wanaoendesha kilomita chache.